Vinundu vya Kuku: Tutazame Kabla ya Kushika Kisu



Mvua za masika zilipokatika, na madimbwi yakiwa bado yamesimama vichochoroni, tuliitwa nyumbani kwa mama mmoja wa mtaa wetu. Ni mjane, na uani kwake anafuga kuku 12 wakubwa pamoja na vifaranga 9. Mayai ya kuku hao ndiyo yanayolipa ada ya chuo ya wajukuu zake wawili, na panapokuwa na hitima au sikukuu huuza jogoo mmoja au wawili akapata cha kuongeza jikoni. Alitutangulia hadi bandani, akatuonyesha mtetea mweupe aliyejikunyata pembeni. Undu wake, yaani kile kilemba chekundu cha kichwani, ulikuwa umejaa vinundu vya rangi ya kijivu, na kope za jicho moja zilikuwa zimevimba hata jicho lenyewe halionekani.

"Wanangu," alituambia, "kila apitaye ananipa lake. Mmoja kasema nichinje wote leo leo. Mwengine kasema niwapake mafuta ya taa. Wa tatu kaja na wembe, ataka kuvitumbua. Na alasiri atakuja mtu niliyemwahidi majogoo wawili wa hitima. Majogoo wenyewe hawana kitu, lakini wamelala banda moja na huyu. Nimwambie, au ninyamaze?"

Katika maneno hayo machache mna maswali mawili. La kwanza ni la elimu: vinundu hivi ni nini, na dawa yake ni ipi? La pili ni la dini: mwenye mnyama mgonjwa ana wajibu gani kwa mnyama huyo, kwa jirani yake na kwa mnunuzi wake? Tumeona tuyajibu yote mawili hapa, kwa kuwa nyumba nyingi za pwani yetu, kutoka Lamu hadi Vanga, hazikosi kuku uani, na msimu wa mbu huja kila mwaka.

NDUI YA KUKU

Tulimwita afisa wa mifugo. Alimshika yule mtetea kwa taratibu, akamfungua mdomo, akatazama chini ya mbawa na nyayoni, kisha akasema: hii ni ndui ya kuku.

Jina hilo lilimshtua mama, wala hatukumlaumu. Kwa wazee wetu neno ndui ni neno zito. Wapo ambao bado wana kovu la chanjo mkononi, na wapo waliowajua watu waliopofuka au kuharibika nyuso kwa ndui ya binadamu. Maradhi hayo yalipita pwani hii hii; mtu wa mwisho kuyapata kwa maambukizi ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali katika mji wa Merka, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba yametokomezwa. Ndui ya kuku ni kitu kingine. Virusi vyake ni vya ndege, havimwambukizi binadamu, wala si hivyo viletavyo tetekuwanga kwa watoto. Basi mtoto aliyemshika kuku mwenye ndui asihofiwe; aoshe mikono kwa sabuni tu, kama apasavyo kufanya kila amshikapo kuku, mzima au mgonjwa.

Ugonjwa huu huja kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni mbu, ambaye humuuma kuku mgonjwa kisha akamuuma mzima. Ya pili ni jeraha: kuku wanapodonoana au kuchubuliwa na waya, virusi hupata mlango wa kuingilia. Vigaga vinavyodondoka vikachanganyika na vumbi la banda huweza kubeba virusi hivyo kwa miezi mingi. Ndiyo sababu banda lililopata ndui mwaka huu huweza kuipata tena mwakani, ingawa mwenyewe anadhani ilikwisha.

Siku 4 hadi 10 baada ya kuambukizwa, vidoa vyeupe vidogo hujitokeza mahali pasipo manyoya: kwenye undu, kwenye mashavu yanayoning'inia chini ya mdomo, kwenye kope, na mara nyingine miguuni. Vidoa hukua vikawa vinundu vya manjano, vikaungana, kisha vikakauka na kuwa vigaga vyeusi au vya kahawia. Kuku akipata lishe na utulivu, vigaga hudondoka vyenyewe baada ya wiki mbili hadi nne, na kuku wakubwa wengi hupona.

Lakini ipo sura ya pili ya ndui, nayo ni kali zaidi. Hiyo hukaa ndani ya mdomo na kooni, ikafanya utando wa manjano ulioshikamana na nyama. Kuku hushindwa kumeza, hupumua mdomo wazi kwa sauti ya kukoroma, na wengi hufa kwa njaa au kwa kukosa pumzi. Kwa hiyo yeyote aonaye vinundu kichwani na asiishie hapo. Amfungue kuku mdomo na kutazama ndani.

NINI CHA KUFANYA

Dawa ya kuviua virusi vya ndui haipo. Tunalisema wazi kwa sababu watu wengi hununua dawa za viuavijasumu dukani, wakazichanganya katika maji ya kuku wote, na fedha ikaenda bure. Dawa hizo huua bakteria, hazigusi virusi. Daktari wa mifugo huweza kuzitoa pale tu vidonda vinapoingia usaha, na hapo ni lazima kumwuliza ni siku ngapi mayai na nyama visiliwe. Yai lenye mabaki ya dawa halifai kupewa mtoto wala kuuzwa kwa jirani.

Yanayosaidia ni mambo mepesi ambayo kila nyumba inayaweza. Mgonjwa atengwe mahali pakavu penye kivuli, mbali na wenzake. Apewe maji safi karibu na mdomo, kwa maana kuku aliyefumbwa macho na uvimbe hawezi kuyatafuta, na wengi hufa kwa kiu na njaa huku ugonjwa wenyewe ungepita. Chakula kilainishwe kwa maji. Mchicha uliokatwakatwa na papai bivu humfaa sana. Jicho lililovimba lisafishwe asubuhi na jioni kwa pamba iliyochovywa katika maji ya chumvi kidogo, yaliyochemshwa yakapoa. Kidonda kilicho wazi, kisicho karibu na jicho, kipakwe dawa ya iodini. Vigaga visibanduliwe, vikidondoka vyenyewe viokotwe na kuchomwa, na maranda ya sakafuni yabadilishwe.

Kisha tuwageukie mbu. Vifuu vya nazi vilivyotupwa uani, makopo, magurudumu makuukuu, na hata mitungi isiyofunikwa ndimo mbu wanamozaliana. Kuvimwaga vyote mara moja kwa wiki ni ulinzi wa kuku, na ni ulinzi wa watoto wetu vilevile. Banda likiweza kufunikwa kwa chandarua kikuukuu kabla ya magharibi, ni bora zaidi.

VINAVYOFANANA NA NDUI

Si kila uvimbe ni ndui, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Afisa wa mifugo alitukalisha barazani akatueleza mengine, nasi tunayaandika kwa ufupi.

Viroboto vya kuku. Kwa mbali huonekana kama vigaga vyeusi vilivyokusanyika kuzunguka macho na kwenye undu. Ukitazama kwa karibu utaona ni wadudu wadogo waliozamisha midomo yao ndani ya ngozi, wala hawaruki ukiwagusa. Hupenda sana mchanga mkavu, na paka, mbwa na panya huwabeba pia. Wapakwe mafuta mazito ya mgando ili wakose pumzi, kwa uangalifu mafuta yasiingie jichoni. Hata hivyo kumpaka kuku bila kufagia banda, kuchoma takataka zake na kuweka mchanga mpya ni kazi ya nusu.

Magamba ya miguu. Miguu hunenepa, magamba huinuka na kuwa kama chokaa. Huyu ni utitiri anayechimba chini ya magamba. Miguu iloweshwe katika maji ya vuguvugu yenye sabuni, isuguliwe polepole kwa mswaki mkuukuu, ikaushwe, kisha ipakwe mafuta ya mgando. Irudiwe kila wiki hadi magamba mapya yatoke, na kuku wote wa banda watazamwe.

Jipu la unyayo. Kuku huchechemea, na katikati ya unyayo pana uvimbe wenye kigaga cheusi. Husababishwa na bakteria walioingia kwa mchubuko: mwiba, sakafu ya saruji iliyoparuza, ncha za mawe ya matumbawe, au kijiti cha kulalia kilicho juu mno hata kuku anaporuka hutua kwa kishindo. Likiwa dogo, uloweshe mguu katika maji ya vuguvugu ya chumvi, ulifunge kwa kitambaa safi, umlaze kuku juu ya maranda laini na kushusha kijiti. Likiwa kubwa na gumu, hiyo ni kazi ya daktari.

Uvimbe wa kifuani. Kuku akishiba, kifuko cha chakula kilichopo chini ya shingo hujaa na kuonekana kama uvimbe. Hilo ni jambo la kawaida. Mpapase alfajiri kabla hujamlisha. Kikiwa kimenywea, ni mzima. Kikiwa bado kimejaa na kigumu, huenda kimezibwa na majani marefu, uzi au vipande vya mifuko ya plastiki alivyovidonoa jaani.

Uvimbe wa uso. Uso mzima ukivimba, na pua na macho yakitoa ute wenye harufu mbaya, mara nyingi hayo ni mafua makali ya kuku, na yana tiba kwa daktari.

Uvimbe chini ya manyoya. Vinundu vigumu kwenye mashina ya manyoya, hasa kwa kuku kijana anayekonda au aliyepooza mguu mmoja ukielekea mbele na mwingine nyuma, huweza kuwa dalili ya ugonjwa wa Marek. Huo nao ni wa virusi, hauna tiba, na kinga yake ni chanjo apewayo kifaranga siku ya kuanguliwa. Anunuaye vifaranga wa kutotoleshwa kwa mashine na aulize kama wamechanjwa.

Tena lipo onyo moja kubwa. Kuku wengi wakifa kwa ghafla kwa siku moja au mbili, au vichwa vikivimba na undu ukageuka rangi ya zambarau, hapo hapana nafasi ya kujaribu dawa za nyumbani. Usiwachinje, usiwauze, usiwagawe. Ijulishe ofisi ya mifugo ya kaunti siku hiyo hiyo.

TUSIYAFANYE HAYA

Wembe hautibu ndui. Kinundu kikitumbuliwa hutoka damu yenye virusi, ikamwagika bandani na kwenye mikono itakayomshika kuku wa pili. Mafuta ya taa nayo huichoma ngozi, na yakiingia jichoni humpofusha kuku ambaye pengine angepona. Vivyo hivyo mafuta machafu ya gari. Waliotushauri hayo hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wakisaidia kwa walichokizoea. Lakini kumuumiza kiumbe asiyeweza kusema, kwa dawa ambayo hatuna yakini nayo, si jambo dogo. Sote tumefundishwa tangu chuoni habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula wala maji. Kuku tuliyemfungia bandani naye hana pa kwenda ila mikononi mwetu.

CHANJO NI JAMBO LA MTAA

Ndui ina chanjo, nayo ni nzuri. Mchanjaji huchovya sindano yenye ncha mbili katika dawa, akaidunga kwenye utando wa ubawa. Siku 7 hadi 10 baadaye mwenye kuku hutazama pale pale: akiona kivimbe kidogo au kigaga, chanjo imeshika, asipoona kitu, amrejee mchanjaji.

Tatizo la wafugaji wadogo ni kwamba chupa moja ya chanjo huwa na dozi nyingi, kwa kawaida kuanzia 100 na kuendelea, na ikishachanganywa hufaa kwa saa chache tu. Mwenye kuku 12 huona ni hasara kuinunua. Basi dawa ya hasara hiyo ni ujirani. Nyumba kumi zikichanga na kukubaliana siku moja, kila mmoja hulipa kidogo na kuku wote wa kichochoro hukingwa. Chupa ibebwe katika barafu, isipigwe na jua, na kazi ifanywe asubuhi mapema. Kuku aliyekwisha ugua asichanjwe. Lakini walio wazima katika banda ambalo ndui imeanza huweza kuchanjwa kwa ushauri wa daktari. Bora zaidi ni kufanya hivyo kabla ya mvua, mbu hawajaongezeka.

AMANA NA BIASHARA

Sasa turejee kwenye swali la mama: nimwambie, au ninyamaze?

Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono katika fungu la chakula, akakuta chini mna unyevu uliofichwa. Akamkemea muuzaji kwa kutouweka juu ili watu wauone, na akabainisha kwamba mdanganyifu hayumo katika mwenendo wa wafuasi wake. Tena imepokewa kwamba aliagiza mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa mwenye ngamia wazima. Mafunzo haya mawili yakiwekwa pamoja, jibu halihitaji maelezo marefu. Jogoo aliyelala banda moja na mgonjwa ana aibu iliyofichika. Huenda hana ugonjwa, huenda anao na haujajitokeza. Mnunuzi ana haki ya kulijua hilo kabla ya kutoa fedha yake, hasa ikiwa kwake kuna kuku wengine.

Na mama mwenyewe alikuwa ameyaonja matunda ya ukimya. Tulipomwuliza kama aliingiza kuku mgeni bandani, alifikiri kidogo, kisha akakumbuka tetea aliyemnunua sokoni wiki mbili kabla. Tetea yule alikuwa na vidonda viwili kwenye undu, na muuzaji akamwambia amedonolewa na wenzake. Pengine muuzaji alijua, pengine hakujua. Lakini maneno yale mepesi ndiyo yaliyoleta ndui katika nyumba ya mjane.

Wengine watauliza: je, mgonjwa akichinjwa halali? Kuku aliye hai akichinjwa kisheria huwa ni halali, lakini dini yetu imetuamrisha kula kilicho halali na chema kwa pamoja. Kuku aliyekonda sana, mwenye homa, mwenye usaha, au ambaye maini yake yana uvimbe, si chakula cha kumpa mgeni wala mtoto. Aliyekufa mwenyewe ni mzoga. Haliwi, wala hatupwi jaani au baharini. Achimbiwe shimo refu, anyunyiziwe chokaa au jivu, afukiwe mbwa wasimfikie. Na ambaye hapana tumaini la kupona, anayeteseka kwa kukosa pumzi, kumwacha siku tatu akihangaika si huruma. Kisu kikali na mkono mwepesi ndiyo rehema yake ya mwisho.

Alasiri ile mnunuzi alikuja. Mama alimpokea barazani, akampa kahawa, akamwambia yote. Yule bwana alimshukuru, akaondoka bila majogoo, akaenda kuwatafuta kwengine. Wiki hiyo ada ya chuo haikulipwa, na mwalimu akaombwa subira. Hatukusudii kusema kwamba ukweli hauna gharama. Una gharama, nayo hulipwa mara nyingi na wasio na kingi.

Vifaranga watatu walikufa. Ndui ilikuwa imeshuka kooni. Mtetea mweupe alilishwa kwa mkono na mjukuu mkubwa, asubuhi na jioni, na katika wiki ya tatu kigaga cha kope kikadondoka na jicho likafunguka, zima. Undu wake umebaki na makovu. Hivi sasa anataga tena, si kila siku, lakini anataga. Nyumba saba za kichochoro kile zilichanga, na kuku wao wakachanjwa asubuhi moja. Na jiko la zamani lililo nyuma ya ua, lililokuwa likiwekwa makuti, limesafishwa. Kila kuku mgeni hukaa humo wiki mbili peke yake kabla ya kuingia bandani, akitazamwa undu, macho, mdomo na nyayo.

Basi, ndugu zetu, na kina mama hasa ambao ndio wenye kuku katika nyumba zetu, asubuhi ya kesho mnapofungua banda msiishie kuwatupia pumba. Mshikeni mmoja mmoja, mtazameni. Mkikuta kinundu, mtengeni mwenye nacho, mwiteni ajuaye, na mwambieni jirani.

Wabillahi tawfiq.